Rimu pana chini ya fenda: kukunja, kuvuta, kukata au kufunga fenda za nyongeza?

Mtu akishanunua rimu pana, swali analompelekea fundi huwa ni hili: tukunje fenda au tuzivute? Swali hilo limeruka zamu. Kabla ya kuchagua njia ni lazima ujue unatafuta milimita ngapi, na unazitafuta upande gani wa gurudumu. Milimita 5 hupatikana bila kugusa bati. Milimita 15 zinaweza kupatikana kwa kukunja ukingo. Milimita 40 hazipatikani kwa kukunja wala kuvuta, na anayezilazimisha ndiye anayerudi nyumbani na rangi iliyopasuka, mlango wa nyuma usiofunguka vizuri na kutu inayoanza kujichimbia mahali asipopaona.

Kwa hiyo nitalinganisha njia tano, kuanzia isiyogusa bodi hadi ile ambayo ukishaianza hakuna kurudi nyuma: kuchagua vizuri rimu na tairi, kukunja ukingo wa ndani, kuvuta fenda, kukata na kuchomelea, na kufunga fenda za nyongeza. Lakini hesabu itangulie, kwa sababu ndiyo itakayokuchagulia.

Hesabu ya milimita

Rimu ina namba mbili zinazohusika hapa. Ya kwanza ni upana wake kwa inchi, kama 7J au 8.5J. Ya pili ni ofseti, huandikwa ET45, ET35 na kadhalika, nayo ni umbali kwa milimita kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na ule uso unaokaa kwenye habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Ofseti ikipungua, gurudumu linasogea nje kuelekea fenda. Ikiongezeka, linaingia ndani kuelekea shokapu.

Chukua gari lililotoka kiwandani na rimu ya 7J ET45, na mwenyewe anataka 8.5J ET35. Upana umeongezeka inchi 1.5, sawa na milimita 38, na nusu yake, yaani 19, huenda kila upande. Ofseti imepungua 10, kwa hiyo gurudumu zima limesogea nje milimita 10. Uso wa nje umetoka milimita 29, uso wa ndani umeingia milimita 9. Sasa linganisha na 8J ET40: nje inatoka takriban milimita 18, ndani inaingia takriban 8. Nusu inchi tu ya upana na tofauti ndogo ya ofseti zimeokoa milimita 11 upande wa fenda, na hujapoteza chochote upande wa shokapu. Milimita hizo 11 ndizo mara nyingi zinazotenganisha gari la kukunjwa na gari la kukatwa.

Tairi nalo lina hesabu yake. Namba za 205/55R16 ni upana wa milimita 205, kimo cha ubavu asilimia 55 ya upana huo, na rimu ya inchi 16; kipenyo chake ni milimita 632 hivi. 225/45R17 lina 634, kwa hiyo kimo hakijabadilika kwa maana yoyote. Ila ukichukua 225/50R17 kwa sababu tu ndilo lililopatikana, kipenyo kinaruka hadi karibu 657, na juu ya tairi inasogelea fenda kwa milimita 12 zaidi. Tena, namba 225 haimaanishi kwamba kila tairi la 225 lina umbo moja. Mabega ya tairi hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda. Mengine ni ya mviringo, mengine ni ya pembe kali, na mengine yana mdomo wa mpira unaotokeza kulinda rimu. Ubavu wenyewe hutanuka takriban milimita 5 kwa kila nusu inchi inayoongezwa kwenye upana wa rimu. Ndiyo maana picha ya gari la mtu mwingine lenye rimu kama zako si kipimo.

Kipimo cha kweli hupatikana hivi: toa springi, rudisha shokapu peke yake, funga gurudumu, halafu inua saspensheni kwa jeki taratibu mpaka ifike kwenye ile raba inayozuia isipande zaidi. Kwa magurudumu ya mbele, zungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine katika kila kimo. Bandika udongo laini wa kuchezea watoto kwenye ukingo wa fenda, nao utakuonyesha tairi linagusa wapi na kwa kina gani. Kazi hii huchukua muda, lakini hakuna namna nyingine ya kujua kama tatizo liko juu kabisa ya upinde, au liko kwenye pembe ya bampa, au kwenye plastiki ya ndani ambayo ingetosha kuibana kwa skrubu mpya. Acha pia nafasi ya ziada, kwa sababu gari likikata kona kwa mzigo, bushi hubonyea na ubavu wa tairi hulala. Mimi sikubali chini ya milimita 8 upande wa fenda saspensheni ikiwa imebanwa kabisa, na chini ya 5 upande wa shokapu.

Kuziacha fenda kama zilivyo

Hii ndiyo njia inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo inayowafaa watu wengi kuliko zote. Ukiwa bado hujanunua rimu, una uhuru ambao baadaye hutaupata tena: unaweza kuchagua upana na ofseti vinavyoijaza fenda bila kuigusa. Magari mengi ya kawaida hutoka kiwandani na nafasi ya kutosha kuongeza inchi moja ya upana, mradi ofseti ichaguliwe kwa kupima wala si kwa kukisia.

Ukiwa umeshanunua na unakosa milimita chache tu, kuna kemba. Kuinamisha gurudumu kwa nyuzi 1 ili juu yake liingie ndani huleta nafasi ya milimita 5 hivi kwenye sehemu ya juu ya tairi la kipenyo cha kawaida. Nyuzi 1 hadi 1.5 gari la kila siku linavumilia, na hata mshiko wa kona unaweza kuongezeka. Ukizidi hapo, upande wa ndani wa tairi utaisha mapema, na tairi linaweza kuwa kipara ndani huku kashata (meno ya tairi) za nje zikiwa bado ndefu, jambo ambalo mwenye gari halioni mpaka alale chini kuchungulia. Kila ukigusa kemba, mwelekeo wa magurudumu nao hubadilika, kwa hiyo alaimenti ni lazima.

Kuna na wale wanaochukua tairi jembamba na kulivuta kwenye rimu pana ili bega lake lilale na kuikwepa fenda. Hapa nasema bila kuzunguka: kila saizi ya tairi ina mipaka ya upana wa rimu iliyowekwa kwa sababu za usalama. Kwa 205/55R16 mipaka hiyo ni inchi 5.5 hadi 7.5. Kulifunga kwenye 8.5J ni kulitoa tairi nje ya kazi lililotengenezewa. Ukingo wake unaweza kuachia rimu upepo ukipungua au gurudumu likipiga shimo. Sioni sababu ya kuokoa fenda kwa kuhatarisha tairi.

Wakati mwingine hesabu itakuonyesha kwamba fenda haina kosa na rimu inagusa ndani, kwenye shokapu. Hapo dawa ni spesa, kipande cha chuma kinachowekwa kati ya habu na rimu kulisogeza gurudumu nje. Chagua inayokaa kwa kubana kwenye duara la habu, na hesabu mizunguko ya nati: uzi ulioshikana uwe angalau sawa na unene wa stadi, yaani bolti ya habu inayoshikwa na nati. Stadi ya milimita 12 yenye uzi wa milimita 1.5 kwa kila mzunguko inahitaji mizunguko 8 kamili. Ukipata 5, badilisha stadi kwanza.

Kukunja ukingo

Ingiza mkono juu ya tairi na upapase ndani ya upinde wa fenda. Utakuta bati limekunjwa kuingia ndani kama rafu nyembamba, mara nyingi upana wa milimita 10 hadi 20. Ukingo huo huipa fenda uimara, na ndio unaochana tairi gari likishuka. Kukunja ni kuulaza ukingo huo juu, ukutane na mgongo wa fenda.

Mashine yake ni mkono wa chuma unaofungwa kwenye habu kwa nati za gurudumu, na mwisho wake kuna roli ngumu ya plastiki. Fundi anarefusha mkono kidogo kidogo na kuipitisha roli kushoto na kulia, kila mpito ukiulaza ukingo nyuzi chache tu. Siri yote iko kwenye joto na subira. Rangi ikiwa ya baridi hupasuka mkunjoni. Ikipashwa kwa kipuliza hewa ya moto hadi nyuzi 60 au 70 za Selsiasi hulainika na kufuata bati. Joto hilo mkono hauwezi kulivumilia kwa muda mrefu, lakini rangi haijaanza kuvimba. Lipashwe upya kila baada ya mipito michache, maana bati jembamba hupoa haraka.

Hali ya rangi ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Rangi ya kiwandani iliyookwa kwenye bati safi huvumilia. Fenda iliyowahi kugongwa na kujazwa puti (kijazio kigumu kinachopakwa kusawazisha bati) haitavumilia: puti haikunjiki, hupasuka tu, na ikipasuka inabeba rangi pamoja nayo. Sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa itakuambia; ikishika kwa unyonge sehemu moja na kwa nguvu sehemu nyingine, chini kuna puti, na hapo panga bei ya kupiga rangi tangu mwanzo.

Halafu kuna tofauti ya mbele na nyuma, na hili ndilo jambo ningependa kila mwenye gari alijue kabla ya kumkabidhi fundi ufunguo. Fenda ya mbele kwa magari mengi ni bati moja lililofungwa kwa bolti. Likiharibika, unafungua bolti na kuweka jingine. Fenda ya nyuma ni sehemu ya bodi yenyewe. Ina mabati mawili, la nje na la ndani, yaliyoshonwa pamoja kwa spoti za kuchomelea palepale kwenye ukingo, na katikati kuna silanti inayozuia maji. Ukikunja ukingo wa nyuma unakunja mabati mawili kwa mpigo, na silanti hupasuka hata rangi ya nje ikibaki nzima. Maji huingia, na kutu huanza katikati ya mabati mawili ambako hakuna brashi inayofika. Miaka inapita ndipo rangi inavimba kwa nje, na wakati huo ndani pameshaliwa.

Kwa sababu hiyo, kukunja nyuma hakujaisha roli inapotolewa. Ukingo usafishwe, silanti mpya ipakwe kwenye mshono wote, na nta ya kuzuia kutu ipuliziwe kwa ndani. Pia sipendi kuulaza ukingo mpaka mwisho kama nusu ya mkunjo inatosha. Ukingo uliolala nyuzi 45 hujisafisha kwa maji ya mvua. Uliolazwa kabisa hufunga tope na unyevu ndani yake.

Kukunja kuna mpaka ambao haupanuki. Kunampa nafasi tairi linaloingia ndani ya fenda saspensheni inapobanwa. Hakumfai yule ambaye tairi lake limeshatokeza nje ya uso wa fenda, kwa sababu uso huo haujasogea hata milimita moja. Faida yake yote ni upana wa ule ukingo, ukitoa unene wa bati.

Na lile gongo la mbao linaloingizwa kati ya tairi na fenda huku gari likisukumwa mbele na nyuma? Linafanya kazi kwa maana kwamba bati linasogea. Lakini nguvu yake haipimiki, upinde unatoka na mawimbi, na upande wa kushoto haulingani na wa kulia. Kama mashine haipatikani, ni heri kuukunja ukingo kwa koleo pana lililofunikwa mpira, sentimita chache kwa zamu, kuliko gongo.

Kuvuta fenda

Kuvuta huanza pale kukunja kulipoishia. Ukingo ukishalala, roli inaendelea kusukuma nje mpaka uso wenyewe wa fenda unatoka. Hapa kweli tairi linafunikwa zaidi, na mtazamaji anayelifahamu gari hilo ataona kuna kitu kimebadilika bila kujua ni nini. Ikifanywa vizuri ni kazi nzuri sana.

Ugumu wake ni kwamba bati la gari halina akiba. Unapolitoa nje juu ya upinde, linavuta kutoka pembeni, na mistari ya bodi iliyokuwa imenyooka huanza kuinama. Mbele ya fenda ya nyuma kuna mlango: ukivuta karibu nao, mlango unaweza kuanza kugusa ukifunguliwa, au pengo lake likaonekana limeachama. Nyuma yake kuna bampa ya plastiki iliyoshikwa kwa klipu na skrubu. Fenda ikitoka na bampa ikabaki, panakuwa na ngazi mbaya pale zinapokutana. Fundi mzuri humalizia mvuto wake kabla ya kufika kwenye sehemu hizo mbili, na hiyo ndiyo sababu mvuto mkubwa huonekana kama uvimbe juu ya tairi badala ya umbo la gari.

Kwa hukumu yangu, mvuto wa hadi milimita 10 unaweza kufanywa rangi ikabaki. Kutoka hapo hadi 20, panga kupiga rangi upya, na usimwamini anayekuahidi vinginevyo. Zaidi ya 20, acha kuvuta. Bati huwa limekonda, rangi imechanika hata kama macho hayaoni, na umbo limepotea. Ungekuwa umeshafika kwenye njia inayofuata kwa gharama ndogo kuliko hiyo unayolipa kwa kulazimisha.

Ukilinganisha kukunja na kuvuta kwa hatari peke yake, kukunja kunaficha madhara yake ndani na kuvuta kunayaweka nje. Ndiyo maana gari lililokunjwa vibaya huuzwa kirahisi na lililovutwa vibaya haliuziki. Kama unanunua gari lililokwisha kushushwa, papasa ukingo wa nyuma kabla ya kusifia rangi.

Kukata na kuchomelea

Kuna ukataji wa aina mbili, nao usichanganywe. Wa kwanza ni kukata ukingo tu na kuutupa. Kwa fenda ya mbele unaweza kukubalika kama makali yatasuguliwa, yapakwe praima na yafunikwe kwa mpira. Ila fenda itapoteza uimara na itaanza kutetemeka. Kwa fenda ya nyuma, kukata ukingo ni kukata mshono unaoshika mabati mawili ya bodi. Ukiyaacha yameachana, umedhoofisha bodi na kufungua njia ya maji. Lazima yachomelewe upya kwa urefu wote. Anayekata nyuma kwa grainda na kuacha hivyo hajafanya kazi nafuu. Amehamisha gharama kwa yule atakayelimiliki gari hilo baadaye.

Wa pili ni kazi ya fundi bodi hasa: upinde unakatwa, unasogezwa nje, na bati jipya linachomelewa kujaza pengo, bati la ndani nalo likipanuliwa ili tairi lipate pa kupanda. Hii ndiyo njia waliyopita watengenezaji wenyewe. Audi Quattro ya mwaka 1980 ilijulikana kwa fenda zake zilizotokeza kwa pembe. BMW M3 ya kwanza, E30 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1986, ilipewa fenda pana za chuma ili ibebe magurudumu ya mashindano. Porsche 911 Turbo ya mwaka 1975 ilitanuliwa nyuma kwa sababu hiyohiyo. Ukitazama magari hayo utaona jambo ambalo kuvuta hakuwezi kuleta: upana umeanzia mlangoni na kuishia kwenye bampa, na mistari yote imepangwa upya kuufuata.

Kazi hii ina adui mmoja mkubwa, nayo ni joto. Bati jembamba likichomelewa kwa mstari mrefu mfululizo hujikunja. Linachomelewa kwa nukta fupi, hapa kidogo na pale kidogo, likiachwa lipoe katikati. Kabla ya cheche ya kwanza betri ikatwe, zulia na sponji za ndani zitolewe, na ijulikane bomba la kujazia mafuta linapita wapi, kwa maana mara nyingi linapita ndani ya fenda ya nyuma upande mmoja. Mtu mwenye kizimamoto awe amesimama pale muda wote. Baada ya hapo kuna praima yenye zinki, silanti, nta ya ndani, na kupiga rangi ubavu mzima ili isionekane imebandikwa.

Ni njia ya gharama kubwa na muda mrefu. Lakini kati ya njia zote zinazogusa bati, ndiyo pekee inayoweza kuacha gari likiwa imara kama lilivyokuwa, na ningeichagua kabla ya mvuto wa milimita 25 siku yoyote.

Fenda za nyongeza

Hizi hufungwa juu ya fenda ya asili kwa skrubu, bolti au riveti. Wajapani walizitoa kiwandani: Nissan Fairlady 240ZG ya mwaka 1971 iliuzwa nazo, na Skyline GT-R ya milango miwili ya wakati huo ilikuwa nazo nyuma. Akira Nakai wa Rauh-Welt Begriff amejenga jina lake duniani kwa kuzifunga kwenye Porsche 911 kwa mkono wake mwenyewe.

Zinavutia kwa sababu zinafunika milimita 30, 50 au zaidi bila kuchomelea uso wa bodi. Wengi hawaambiwi kwamba zinafunika tu. Hazimpi tairi nafasi ya kupanda. Fenda ya asili bado iko pale chini, na ukingo wake sasa umesimama juu ya kashata za tairi badala ya kuwa nje yake. Kwa hiyo karibu kila mara inabidi kukatwa, na kwa nyuma yale mabati mawili yanahitaji kuchomelewa kama nilivyoeleza. Muuzaji anayesema unafunga tu na kuondoka anazungumzia gari ambalo saspensheni yake haisogei.

Kwa malighafi, faibaglasi ni rahisi kurekebisha na kupiga rangi lakini hupasuka ikiguswa na ukuta. Plastiki ya ABS na ile laini ya poliurethani huvumilia kugongwa na mawe. Ya pili hubonyea na kurudi. Kwa gari la kila siku ningechukua plastiki. Faibaglasi naiachia gari linalolala gereji.

Kila tundu linalotobolewa ni mwanzo wa kutu usipolipaka praima na rangi kabla ya kuingiza riveti. Kati ya nyongeza na bodi kuwe na mpira, na chini yake filamu ya kulinda rangi, kwa sababu vumbi likiingia pale na gari likitetemeka, rangi husagika mpaka bati. Faida yake nyingine ni kwamba ikivunjika inabadilishwa peke yake, na bodi inabaki salama.

Bati lisilokunjika

Si kila fenda ni ya chuma. Audi A8 ilikuja mwaka 1994 na bodi ya alumini, na Volkswagen New Beetle ilikuwa na fenda za mbele za plastiki. Alumini hukakamaa kila inapokunjwa, kisha hupasuka ghafla, kwa hiyo ukingo wake ukunjwe kidogo tu au usikunjwe kabisa. Plastiki haikunjiki, hukatwa kwa uangalifu na makali yake kusuguliwa. Sumaku ileile ya kutafutia puti itakuambia kama unashughulika na chuma au la. Magari ya karibuni pia yana nyaya na vihisi nyuma ya plastiki za ndani za fenda na kwenye pembe za bampa, navyo vitolewe kabla ya kupasha joto.

Nani achague nini

Unakosa chini ya milimita 10 na hujanunua rimu: badilisha ofseti au shuka nusu inchi. Usiguse fenda.

Rimu unazo, tairi linaingia ndani ya fenda lakini linachanwa na ukingo: kunja. Mbele kunja kwa moyo mweupe, kwa kuwa fenda hiyo inabadilishika. Nyuma kunja nusu, kisha silanti.

Tairi limetokeza milimita chache na gari liko kwenye mpango wa kupigwa rangi hata hivyo: kuvuta ni chaguo zuri, na pengine bora, mradi mvuto wenyewe uwe mdogo.

Unataka upana mkubwa na gari unalipenda kiasi cha kukaa nalo: kata na uchomelee. Unataka upana mkubwa na sura ya mashindano, au unataka kipande kinachobadilishika kikivunjika: fenda za nyongeza, ukijua kwamba chini yake bado kuna kukata.

Kwa yeyote mwenye ukaguzi wa gari unaomsubiri, kipimo cha Ulaya ni mwongozo mzuri hata kama sheria ya kwako ni nyingine: kutoka mstari wa wima unaopita katikati ya gurudumu, nyuzi 30 kuelekea mbele na 50 kuelekea nyuma, fenda inatakiwa kufunika upana wote wa tairi. Waulize na watu wa bima kabla ya kazi, kwa maandishi.

Kazi ikiisha, pima alaimenti, kaza tena nati baada ya kilomita 50 hadi 100 za mwanzo, na lijaribu gari likiwa limejaa watu na mizigo kwenye barabara yenye matuta. Harufu ya mpira au mstari mweusi unaong'aa kwenye bega la tairi ni ishara kwamba bado linagusa. Baada ya hapo, kila unapobadilisha matairi, waombe wakuachie dakika chache gurudumu likiwa limefunguliwa, upitishe tochi na kidole kwenye ukingo wote wa nyuma. Ufa wa silanti ukionekana ukiwa bado mwembamba, unazibwa siku hiyohiyo.